Sura ya Tatu: Njia ya Napata

Agosti 1871 rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, waliingia Tabora, wakachoma sehemu ya mji na kuondoka na mali nyingi. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa barabara. Mtemi huyo wa Urambo alitaka misafara inayokwenda Ujiji imlipe hongo na itambue kwamba inapita kwake. Waarabu wa Unyanyembe hawakukubali, naye akaifunga njia. Henry Morton Stanley, aliyefika Juni ya mwaka huo na kupanga Kwihara, alipigana upande wa Waarabu, akaona jeshi lao linavunjika, mwishowe akazungukia kusini ili amfikie Livingstone, msafiri aliyekuwa akimtafuta. Miezi minne baada ya moto ule, tarehe 24 Desemba 1871, wakubwa wa Misri na wageni wao wa Ulaya waliketi katika jumba la opera la Kairo kutazama hadithi nyingine ya vita na barabara: jeshi litapita njia ipi, nani anaijua siri hiyo, na nani ataitoa. Hadithi hiyo ni Aida, na muziki wake ni wa Giuseppe Verdi.

Msomaji wangu namwona yuko Gongoni, hapa Tabora mjini. Pengine anaimba kwaya Jumapili. Pengine babu yake alicheza dansi la Kiko Kids, Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz, maana mji huu haujawahi kuwa mgeni wa muziki. Opera ameisikia kwa jina tu, akaambiwa ni ya wazungu matajiri, akaiacha. Nataka aijue, na nataka aanzie kwenye Aida, kwa sababu kila kitu humo kimening'inia kwenye njia, na mtu wa Tabora haelezwi njia ni nini.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, mara nyingi tangu mwanzo hadi mwisho, huku okestra ikipiga. Ilizaliwa Italia mwishoni mwa karne ya 16. Ya zamani zaidi ambayo bado inachezwa sana ni Orfeo ya Claudio Monteverdi, iliyoonyeshwa Mantua mwaka 1607 katika jumba la mtawala. Miaka 30 baadaye, mwaka 1637, ukumbi wa San Cassiano ulifunguliwa Venice, na yeyote mwenye pesa ya tiketi aliweza kuingia. Tangu hapo opera ikawa biashara, ikawa mashindano, ikawa sababu ya watu kugombana mitaani juu ya nani anaimba vizuri zaidi.

Kairo iliipata kwa amri ya Khedive Ismail, mtawala wa Misri. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa Novemba 1869, Ismail alitaka Ulaya imwone kuwa mwenzao, akajenga jumba la opera kwa miezi michache. Lilifunguliwa kwa Rigoletto, opera nyingine ya Verdi. Kisha akaagiza opera mpya yenye hadithi ya Misri ya kale, akamlipa Verdi faranga 150,000. Hadithi ilibuniwa na Auguste Mariette, Mfaransa aliyekuwa akifukua makaburi ya mafarao. Maneno ya kuimbwa aliyaandika mshairi wa Italia, Antonio Ghislanzoni. Kitabu cha maneno ya opera huitwa libreto, na anayekiandika si yule anayetunga muziki, ila mara chache. Onyesho lilipangwa kufanyika Januari 1871, lakini mavazi na mapambo ya jukwaa yalikuwa yakitengenezwa Paris, na Paris ilikuwa imezingirwa na jeshi la Prusia. Mzigo haukutoka mpaka vita vilipokwisha. Verdi mwenyewe hakwenda Kairo.

Ismail huyo si mtu wa mbali na sisi. Mwaka 1875 alituma meli zake Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar, mpaka Waingereza walipomlazimisha kuziondoa. Na ni Kairo hiyo hiyo ambako, kwa masimulizi ya wenye taarab, Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga ala ya kanuni, ili jumba lake la Zanzibar nalo liwe na muziki wa kifalme. Kwa hiyo katika miaka ileile mji mmoja ulipokea opera kutoka kaskazini na kutoa taarab kwenda kusini. Opera haikuvuka kuja kwetu, taarab ilivuka.

Sasa tuingie ndani. Ukitaka kuielewa opera, usianze kwa kukariri majina ya Kitaliano. Anza na swali moja na ujiulize kila mara: sasa hivi hadithi inatembea, au imesimama? Msafara uliotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe ulikuwa na mwendo na kambi. Wakati wa mwendo mizigo iko begani, kirangozi yuko mbele na bendera, hakuna wa kukaa akafikiri. Kambini mizigo imetuliwa, moto umewashwa, na mtu anasema yaliyomo moyoni. Katika opera mwendo huitwa resitativo na kambi huitwa aria.

Katika resitativo mwimbaji anakwenda kwa kasi ya mtu anayesema. Kila silabi ina noti yake, sauti haipandi wala kushuka sana, okestra inagusa tu na kunyamaza. Hapo ndipo barua inapoletwa, amri inapotolewa, mtu anapogundua kwamba amedanganywa. Aria ikifika, saa ya hadithi inasimama. Mtu mmoja anabaki mbele yetu na jambo moja, okestra inajaa chini yake, na mstari mmoja wa maneno unaweza kuimbwa mara tatu, mara nne, kila mara kwa namna yake. Anayesikiliza opera kwa mara ya kwanza hulalamika hapa: mbona anarudia, si aende basi? Lakini mtu huyohuyo akiwa ukumbini kwa taarab halalamiki mwimbaji akirudia. Ndipo anapoinuka na noti mkononi kwenda kumtunza. Anajua kwamba neno linarudiwa kwa sababu halijaisha. Masikio anayo tayari.

Katika opera za Mozart, miaka ya 1780, mpaka kati ya mwendo na kambi uko wazi kabisa, kwani resitativo nyingi husindikizwa na kinanda tu, kisha okestra nzima inaingia na aria inaanza. Kufikia 1871 Verdi alikuwa ameufifisha mpaka huo, na Richard Wagner, Mjerumani aliyezaliwa mwaka mmoja na Verdi, 1813, alikuwa karibu kuufuta. Ndiyo maana katika Aida lazima ujiulize swali lako kwa makini.

Pazia halijafunguliwa, okestra inaanza. Kipande hiki cha kutangulia, kikiwa kirefu na kimejitosheleza, huitwa ovatura. Kikiwa kifupi huitwa preludio. Aida ina preludio. Zinazoanza ni vayolini peke yake, juu, kwa sauti nyembamba iliyozibwa. Ule mlio ni wa Aida mwenyewe, na utausikia tena kila anapotokea akiwa na huzuni yake. Mlio unaomfuata mtu au jambo katika opera huitwa leitmotivu, na aliyeutumia kuliko wote ni Wagner, lakini Verdi naye alijua kazi yake.

Dakika chache baada ya pazia, Radames, askari wa Misri, anabaki peke yake na kuimba kuhusu Aida, mtumwa anayempenda. Ni aria ya kwanza ya opera na ni ya kikatili kwa mwimbaji. Hajapata nafasi ya kupasha koo, na mwisho wake anatakiwa apande noti ya juu sana. Verdi aliandika kwamba noti hiyo iimbwe polepole, kwa sauti ndogo inayofifia. Matena wengi huipiga kwa nguvu zote, na ukumbi hushangilia. Ukipata rekodi ambayo mwimbaji amemtii Verdi, isikilize usiku pasipo kelele. Utasikia kwamba Radames anaota, hajisifu, na hilo linabadilisha namna utakavyomwona hadi mwisho.

Nimesema matena, na mwanakwaya yeyote wa Tabora ananielewa. Sauti za kwaya ni soprano, alto, tena na besi. Opera inaongeza mbili katikati: mezosoprano, sauti ya kike iliyo chini ya soprano, na baritoni, sauti ya kiume kati ya tena na besi. Mtunzi hagawi sauti hizi ovyo. Aida ni soprano. Radames ni tena. Amneris, binti Farao anayempenda Radames huyohuyo, ni mezosoprano. Amonasro, babake Aida, ni baritoni, na kuhani mkuu Ramfis ni besi. Ukizizoea opera za Italia utaona mpangilio huu unarudi mara kwa mara: soprano na tena wanapendana, baritoni anawazuia, mezosoprano ana wivu, na besi ndiye mwenye mamlaka. Ndiyo maana mtu asiyejua Kitaliano anaweza kufumba macho na bado akajua nani anagombana na nani. Kuna pia soprano wa koloratura, yule ambaye sauti yake hukimbia ngazi za noti kwa wepesi. Aida si wa namna hiyo. Sauti yake inahitaji uzito.

Na wote hawa wanaimba bila kipaza sauti. Hili nataka ulishike, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini waimbaji wa opera wanatoa sauti vile wanavyotoa. Okestra ya Aida ni kubwa, ukumbi una watu maelfu, na mtu mmoja kwa mapafu yake tu lazima asikike mpaka kiti cha mwisho. Hapigi kelele, kelele ingemmaliza sauti kabla ya tendo la pili. Wanaochunguza sauti, hasa Johan Sundberg wa Sweden, walionyesha kwamba nguvu ya okestra imelundikana chini, karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, yaani hezi 500, ilhali mwimbaji wa kiume aliyefunzwa anateremsha koromeo na kutengeneza nafasi juu yake, na sauti yake inapata mng'ao karibu na hezi 3,000. Huko juu okestra ni dhaifu na sikio la binadamu ni kali, basi sauti inapenya. Huchukua miaka mingi kulifunza koo jambo hilo. Taarab, dansi na bongo fleva zilipata kipaza sauti zikachagua njia nyingine, nyepesi na ya karibu na sikio, na ni njia nzuri. Ila mtu akikuambia waimbaji wa opera wanapayuka, mweleze habari ya hezi 3,000.

Tendo la pili ndilo maarufu. Jeshi la Misri limewashinda Wahabeshi, na Verdi anajaza jukwaa. Koro, yaani kwaya ya opera, inaimba kama raia, kama makuhani, kama mateka. Tarumbeta ndefu zilizonyooka, zilizotengenezwa mahsusi kwa opera hii, zinapiga wimbo wa ushindi upande mmoja, kisha kundi la pili linaupokea upande mwingine na wimbo wote unaruka juu ghafla. Mateka wanaingia, na kati yao Aida anamwona baba yake, mfalme wa Uhabeshi, amevaa kama ofisa wa jeshi. Ni fahari tupu, na kumbi zenye uwezo huleta hata farasi. Watu wengi wakisema Aida wanamaanisha hapo.

Mimi nakuomba usiishie hapo. Verdi alikuwa mzee wa miaka 58 na alijua zaidi ya tarumbeta.

Tendo la tatu ni usiku kando ya Nile. Aida anamsubiri Radames. Anayetangulia kufika ni baba yake. Wahabeshi wanajikusanya tena, na jambo moja tu limebaki: kujua jeshi la Misri litapita wapi. Amonasro anamtaka bintiye aipate siri hiyo kutoka kwa mpenzi wake. Aida anakataa. Hapo dueti, wimbo wa watu wawili, inakuwa vita. Baba anamkumbusha misitu ya kwao, kisha anamwonyesha kwa maneno damu ya ndugu zao, kisha anamfukuza: wewe si binti yangu, ni mtumwa wa mafarao. Sikiliza kinachotokea kwa sauti ya Aida baada ya hapo. Imevunjika, haina tena mstari mrefu, inatoka vipandevipande.

Radames anafika. Wanapanga kutoroka. Aida anamuuliza, kana kwamba halina uzito, tutapita njia gani ili tusikutane na jeshi? Naye anajibu: korongo la Napata. Jina la njia, basi. Verdi hakulipamba. Halikupewa aria wala noti ya juu. Limesemwa kwa mwendo, kama msafiri anavyomwambia mwenzake, na Amonasro anatoka gizani na kulirudia. Mpaka hapo tumezoea kwamba uzito uko kwenye aria, na mwendo ni wa kutufikisha tu. Hapa Verdi amegeuza: maisha ya watu wanne yanaharibika ndani ya resitativo, kwa maneno machache, na muziki unakimbia bila kutupa nafasi ya kuvuta pumzi. Mtu wa Unyanyembe wa mwaka 1871 asingehitaji kuelezwa kwa nini jina la njia linaweza kumwua aliyelitamka.

Kuna jambo jingine ambalo asingehitaji kuelezwa. Aida ni mateka. Anahudumu katika nyumba ya binti Farao akificha jina la baba yake, na Amneris akitaka kumuumiza humkumbusha kwamba yeye ni mtumwa. Waliokuwa ukumbini Kairo walilitazama hilo kama hadithi ya kale. Katika matembe ya Tabora wakati huohuo waliishi watu waliotekwa Manyema na kwingineko, na soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado miaka 2 lifungwe. Wapo wahakiki wanaosema Aida ni Afrika iliyobuniwa na Wazungu kwa ajili ya mtawala aliyetaka kuwa Mzungu. Ni kweli, na ni vyema msikilizaji alijue. Tena historia yenyewe iliipinga libreto: mwaka 1875 na 1876 majeshi ya Ismail yaliivamia Ethiopia, ndiyo Uhabeshi, yakapigwa Gundet na Gura. Lakini aliyetungiwa muziki wa ndani kabisa katika kazi hii ni yule mtumwa, na hilo nalo ni kweli.

Tendo la nne nalipita haraka, maana ni bora ulisikilize mwenyewe. Radames anahukumiwa mahali tusipomwona. Makuhani wanamwita mara tatu ajitetee, mara tatu kimya, huku Amneris akiwa nje anayasikia yote asiweze kuyazuia. Anazikwa hai. Jukwaa la mwisho lina ghorofa mbili, juu hekalu lenye mwanga, chini kaburi, na ndani ya kaburi Radames anamkuta Aida, aliyejificha humo kabla ya jiwe kufungwa.

Ukijaliwa kuingia jumba la opera, fahamu mambo machache. Anayesimama mbele ya okestra ni kondakta, na heshima yake ni kuitwa maestro. Mwimbaji mkuu wa kike huitwa primadona. Aria ikiisha vizuri unaruhusiwa kupiga makofi katikati ya mchezo, na ukitaka kumsifu mwanamke sema brava, mwanamume bravo, wakiwa wengi bravi. Maneno ya kuimbwa huonyeshwa kwa tafsiri, mara nyingi juu ya jukwaa. Jumba lililo karibu na ukoo wa watu wengi wa Tabora ni la Muscat, Oman, mji ambako Kiswahili kinasikika madukani na majumbani. Sultani Qaboos aliamuru lijengwe, likafunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot ya Giacomo Puccini, Plácido Domingo akiongoza okestra. Katika opera hiyo mna ile aria ya tena ambayo Luciano Pavarotti aliifikisha kwa mashabiki wa soka wakati wa Kombe la Dunia la 1990 Italia. Na mtoto wa Zanzibar, Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, aliipenda sauti ya soprano Montserrat Caballé kiasi cha kurekodi naye albamu nzima, Barcelona, iliyotoka 1988.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, opera itakuja kwa simu. Tafuta Aida ya Leontyne Price. Alizaliwa Mississippi mwaka 1927, Mmarekani mweusi, na Januari 1985 aliaga jukwaa la Metropolitan, New York, kwa opera hii, ikirushwa kwenye televisheni. Alikuwa karibu na miaka 58, umri uleule wa Verdi alipoonyesha kazi hii. Anza na tendo la tatu, kabla baba hajafika, anapoimba kuhusu nchi ambayo hataiona tena. Watu walipiga makofi dakika kadhaa, naye alibaki amesimama katika nafasi ya Aida, akipigana na machozi.

Ukishaizoea Aida, nenda Macbeth, ambayo Verdi aliitunga 1847 kutoka kwa Shakespeare. Hapa tuna bahati. S. S. Mushi alikwisha kutufasiria mchezo huo kwa jina la Makbeth mwaka 1968, katika miaka ileile Mwalimu Nyerere, aliyesoma shule hapa Tabora, alipotoa Mabepari wa Venisi. Soma kwanza onyesho la mke wa Makbeth akitembea usingizini na kusugua mikono, kisha sikiliza Verdi alivyolisimamisha. Mwaka 1848 aliandika barua kumpinga mwimbaji mmoja mashuhuri asipewe nafasi hiyo, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzuri mno. Alitaka sauti kavu, iliyobanwa, yenye giza. Tafuta rekodi mbili tofauti za onyesho hilo na uamue ni nani kati ya waimbaji hao wawili ambaye Verdi angemkubali.